Shangazi, tangu nianze kusoma hivi vitabu nina hasira na kila mtu. Niache?

Shikamoo shangazi,

Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 36, nipo kwenye ndoa mwaka wa 11, watoto wawili, wa kike ana 9 na wa kiume ana 6. Nafanya kazi ofisini, mume wangu naye ameajiriwa na mishahara yetu haipishani sana, nalisema hilo mapema usije ukaniambia yeye ndo analisha nyumba. Saa hizi ni saa saba usiku, nakuandikia nimekaa bafuni juu ya ndoo niliyoigeuza, maana ndo sehemu pekee humu ndani yenye kitasa kinachofunga.

Stori iko hivi. Mwaka jana rafiki yangu wa kazini aliniingiza kwenye grupu la wanawake wanaosoma, tupo kumi na mbili, kila mwezi kitabu kimoja halafu tunakutana tunaongea. Tukaanza na kale kadogo ka Chimamanda Ngozi Adichie, We Should All Be Feminists, kale kalikotokana na hotuba yake ya 2012, nikakamaliza siku moja nikajiona msomi. Tukaja kwa bell hooks, yule mwandishi mwanamke wa Marekani. Simone de Beauvoir, yule Mfaransa aliyeandika The Second Sex, tulimwacha njiani shangazi, kile kitabu ni tofali. Halafu Audre Lorde, mshairi mweusi wa Marekani, ile hotuba yake ya 1981 kuhusu matumizi ya hasira, hapo nilipiga mistari karibu kila ukurasa, pale anaposema kila mwanamke ana ghala la hasira ambayo inaweza kumfaa. Na sasa hivi tupo kwa Mona Eltahawy, mwandishi wa habari mwenye asili ya Misri, ambaye kwenye zile dhambi saba anazosema ni za lazima kwa wanawake, hasira ameiweka ya kwanza kabisa. Nilikuwa naisoma kwenye basi nikaanza kulia, kijana wa pembeni akanipa tishu akanipa na pole, nadhani alijua nimefiwa.

Tangu hapo sijatulia. Naona kila kitu na siwezi kuacha kuona. Nani anajua tarehe ya chanjo, nani anajua viatu vya mtoto vimeanza kubana, nani anajua sabuni imebaki kidogo, nani anakumbuka mama mkwe ana kliniki Alhamisi, tena mama yake yeye! Nikimuuliza ananijibu kwa upole kabisa, "Si ungeniambia tu nikusaidie." Shangazi hilo neno kusaidia linanipandisha damu. Anisaidie kazi ya nani? Kazini nako hivyohivyo, mwezi uliopita kwenye mitingi kaka mmoja alipiga meza akasema hii ripoti ni ya hovyo, watu wakasema jamaa ana msimamo. Wiki mbili baadaye nikapandisha sauti kidogo tu, nakuapia kidogo, bosi akaniita pembeni kuniuliza kama nyumbani kuko salama.

Kwahiyo nimekuwa mtu wa kulipuka. Wageni wa mume wangu walikuja tukawa tunaongea vizuri, mmoja akasema wanawake wa siku hizi bwana, hata hakumaliza sentensi, nilimshushia hotuba ya dakika ishirini hadi wakaaga kabla ya chakula. Mume wangu nimeshamtumia skrinishoti za vitabu mpaka ameacha kuzifungua, naona tiki mbili tu. Na nina listi kwenye simu, niliianza Januari, naandika kila anachosahau au anachonikera, jana ilifika namba 61. Juzi hata dada wa kazi nilimfokea mbele ya watoto mpaka akalia, kisa shati moja la ofisini halikupigwa pasi, ila hilo lilishaisha nilimwambia yaishe, tatizo langu ni huyu mwanaume.

Yeye anasema hivi vitabu vimeniharibu. Anasema alioa mtu mpole. Mbele za watu ananitania, "Jamani kaeni vizuri, mheshimiwa mwanaharakati anaingia," watu wanacheka na mimi nacheka, halafu nakuja kukaa bafuni. Nisimsingizie, hajawahi kuninyanyulia mkono, hanywi, watoto anawapenda. Ndo maana nachanganyikiwa, angekuwa mbaya ingekuwa rahisi.

Mama yangu anasema nikaze moyo, yeye amekaa na baba miaka 40 hajawahi kumpandishia sauti. Ni kweli hajawahi. Ila nakumbuka alivyokuwa anaosha vyombo, shangazi, sufuria zilikuwa zinagongwa mpaka sisi watoto tunajua leo tusiombe hela ya daftari. Kwenye grupu nao wanasema anayekuambia utulie huyo ndo adui yako, na mmoja amesema wazi kwamba mimi naogopa tu kuondoka.

Kilichofanya niandike leo ni mwanangu wa kiume. Nimerudi kazini ananiangalia usoni ananiuliza, "Mama, leo umekasirika au umekasirika sana?"

Niache kusoma? Au nimeshaharibika kweli?

Wa Bafuni

* * *

Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza toka juu ya hiyo ndoo utaumia mgongo.

Usiache kusoma. Hilo nalijibu haraka maana halinisumbui. Mumeo si wa kwanza kusema vitabu vinaharibu watu, hilo tofali lenu la Beauvoir lilitoka Ufaransa 1949 na mwaka 1956 Vatican wakaliweka kwenye orodha ya vitabu ambavyo muumini hatakiwi kuvisoma. Mary Wollstonecraft alipoandika kutetea haki za mwanamke huko Uingereza mwaka 1792, bwana mkubwa mmoja, Horace Walpole, alimwita fisi aliyevaa sketi. Kwahiyo ukiitwa mheshimiwa mwanaharakati sebuleni kwako jua umependelewa.

Ila kuharibika, hebu tuangalie. Wewe mwenyewe umeniandikia kuhusu sufuria za mama yako. Yule mama hakusoma Lorde wala Eltahawy, na hasira ilikuwepo humo ndani miaka 40, inaongea kila jioni kwenye karai la vyombo na nyinyi watoto mlikuwa mnaielewa vizuri kuliko mlivyoelewa hesabu. Aliyekuwa haisikii ni mmoja tu, na sidhani kama alikuwa kiziwi. Sasa vitabu vimekupa maneno, mama yako alikuwa na sufuria tu. Hasira ulikuwa nayo kabla ya grupu, ndo maana ulilia kwenye basi, mtu halii vile kwa habari mpya, analia kwa jambo alilokuwa analijua siku zote halafu anakuta mtu asiyemfahamu kabisa ameliandika.

Na angalia lugha yetu ilivyo. Mwanamke akikasirika ana gubu, ana kisirani, ana mdomo, amepandisha mashetani. Mwanamume akikasirika, si umeniambia mwenyewe, ana msimamo. Hilo la ofisini kwenu limeshapimwa. Mwaka 2008 watafiti wawili, Victoria Brescoll na Eric Uhlmann, walichapisha majaribio ambayo watu walionyeshwa video za mtu akihojiwa kazi na kueleza jambo lililomuudhi. Mwanamume aliyeonyesha hasira akapandishwa hadhi. Mwanamke aliyeonyesha hasira ileile akashushwa na mshahara wa kufikirika waliompangia ukawa mdogo, hata pale walipoambiwa kwamba ni mkurugenzi mkuu. Hasira ya mwanamume watu walisema imeletwa na yaliyotokea, ya mwanamke wakasema ndo tabia yake. Sasa shika hapa maana ndo pa kukufaa kazini: mwanamke alipotaja sababu ya hasira yake, kwamba fulani alifanya hiki, ule upendeleo ulipungua sana. Kwahiyo kwenye mitingi ijayo anza na sababu, sauti ifuate. "Takwimu nilizotoa Jumatatu zimebadilishwa bila kuniuliza, na nimekasirika." Si haki kwamba wewe ndo ujieleze na yule kaka apige meza tu, najua, lakini Jumatatu ipo na bosi ni huyohuyo.

Tuje nyumbani. Umekaa bafuni kwa sababu ya kitasa, na mimi nikamkumbuka Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza, sijui kama grupu lenu limemfikia. Mwaka 1929 alitoa kitabu akasema mwanamke akitaka kuandika anahitaji chumba chake chenye kufuli na paundi 500 kwa mwaka. (Msimulizi wa kile kitabu hela hizo aliachiwa na shangazi yake aliyefariki. Mimi usinitegemee.) Kuna sehemu anakaa maktaba anasoma vitabu vya maprofesa waliothibitisha kwa hoja nzito kwamba mwanamke ni kiumbe duni, na huku akidhani anaandika vidokezo anashtuka kumbe mkono wake umekuwa unachora, umemchora profesa, mwekundu, ana sura mbaya, anachoma karatasi kwa kalamu kama anaua mdudu. Mkono ulijua amekasirika kabla yeye hajajua. Basi listi yako ya mambo 61 ndo ule mchoro.

Lakini Woolf hakuishia kuchora. Aliuangalia mchoro akajiuliza umetoka wapi, halafu akauliza swali ambalo mimi nalipenda sana, kwamba na hawa maprofesa wenye kila kitu, hela yao, cheo chao, vyuo vyao, wao wamekasirikia nini? Akajibu kwamba wanawake karne zote wamekuwa kioo kinachomwonyesha mwanamume mara mbili ya ukubwa wake, sasa kioo kikianza kusema ukweli picha inapungua. Mumeo kukutania mbele za watu ni hicho, mtu anajitafuta kwenye kioo hajioni. Simtetei, utani wa hivyo mbele za wageni unauma na unatakiwa umwambie mkiwa wawili kwamba hutaki. Nakuonyesha tu kwamba naye kuna kitu amepoteza na hajui akiite nini. bell hooks, kama mlisoma kile kitabu chake cha 2004 kuhusu wanaume, anasema mfumo dume unamfundisha mvulana azime hisia zake zote, ukimruhusu hasira peke yake. Wako yeye ameongezea na utani.

Sasa mwanangu vumilia kidogo, kuna jambo kwenye barua yako umelipitia mbio nami sitakuacha ulipite.

Umesema ulimfokea dada wa kazi mbele ya watoto hadi akalia kwa sababu ya shati, halafu palepale, bila hata nukta, ukasema limeisha. Umemwambia "yaishe". Yaishe si samahani. Na yeye angekujibu nini? Mshahara unautoa wewe, kitanda anacholalia ni chako.

Nirudi kwa Woolf maana sijammaliza. Huyohuyo aliyeandika kuhusu chumba chenye kufuli alikuwa na mpishi, Nelly Boxall, aliyekaa nao tangu 1916 mpaka 1934 alipofukuzwa, na shajara za Woolf zimejaa ugomvi wao, Nelly anaacha kazi, Nelly anarudi, Woolf anatafuta ujasiri wa kumwondoa. Siku moja Nelly alimwambia Woolf atoke chumbani kwake. Chumbani kwake! Na bibi yule akachukia kweli. Mmoja wa watu wenye akili kali kabisa Uingereza nzima, ameandika kitabu kizima kuhusu mwanamke kuwa na mlango wake, halafu mwanamke mwingine ndani ya nyumba yake mwenyewe anautumia mlango wake na yeye anaona ni jeuri.

Na ile hotuba ya Lorde uliyoipiga mistari, rudi uisome tena taratibu. Aliitoa kwenye mkutano wa wanawake wasomi Marekani mwaka 1981, na sehemu kubwa ya waliokuwa wanaambiwa ni wanawake wenzake, wazungu, waliokuwa na hasira na wanaume ila hasira ya mwanamke mweusi dhidi yao wenyewe wakaiona ni ukali na kukosa adabu. Anawauliza ni mwanamke gani anayependa kukandamizwa kwake mwenyewe kiasi kwamba haoni alama ya kisigino chake kwenye uso wa mwanamke mwenzie. Na hakujitoa, anasema na yeye akishindwa kuwaona wanawake ambao hali zao si kama zake anaingia kwenye kundi hilohilo. Je, huo mstari uliupigia? Nakuuliza si kwa kukusuta, mimi mwenyewe mara ya kwanza niliruka palepale, macho yanajua pa kuruka.

Hebu fikiria kwa hesabu ya nyumbani. Kuna kazi ambayo mumeo haifanyi. Wewe umechoka kuifanya. Badala ya kurudi kwake imeshuka ngazi, anaifanya dada wa kazi kwa mshahara ambao wewe na yeye mnaujua. Mwanasosholojia Arlie Hochschild, aliyeandika mwaka 1989 kuhusu zamu ya pili, yaani ile kazi ya nyumbani inayomsubiri mwanamke akitoka kazini, baadaye akishirikiana na Barbara Ehrenreich walikusanya maandiko kuhusu hilihili: zamu ya pili wanaume hawakuichukua, ikapewa wanawake maskini zaidi, wengine wametoka nchi za mbali wameacha watoto wao huko. Na hasira nayo imefuata njia hiyohiyo. Shati lile lilikuwa la nani? Umesema la ofisini, hukusema la nani. Kama lilikuwa la mumeo basi hata hasira ya shati lake umembebea.

Kwahiyo la kwanza kufanya halimhusu mumeo hata kidogo. Kesho, tena mbele ya watoto maana ulimfokea mbele yao, mwambie dada, samahani, nilikukosea, haitajirudia. Halafu mkae muongee saa zake za kazi zinaishia saa ngapi, siku yake ya mapumziko ni ipi na je kweli anaipata, na chumba anacholala kina kitasa?

Baada ya hapo tuje kwa bwana. Umemtumia skrinishoti, umemfukuzia wageni, umemwandikia mambo 61 ambayo hajayaona. Nimeisoma barua yako mara tatu natafuta sehemu uliyomwambia unataka nini. Sijaiona. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Harriet Lerner, kitabu chake The Dance of Anger cha mwaka 1985 kipendekeze kwenye grupu, hakina mashairi lakini kina msaada. Anasema mwanamke anayenyamaza na mwanamke anayelipuka kila siku wanaweza kuwa wanafanya jambo lilelile, wote wawili wanaiacha nyumba ikae ilivyokuwa. Mama yako na sufuria, wewe na hotuba. Mlipuko unapita, wewe unajisikia vibaya, unaomba radhi, na chanjo bado wewe ndo unajua tarehe.

Fungua hiyo listi ukiwa umeshiba na umelala vizuri. Usiisome kama mwendesha mashtaka. Lorde anatofautisha hasira na chuki, anasema chuki inataka kuangamiza, hasira inataka mabadiliko, na listi ya siri inayohesabiwa kila siku inaanza kunukia ile ya kwanza. Yupo na mwanafalsafa Martha Nussbaum ambaye mwaka 2016 aliandika kitabu kizima akiionya hasira, anasema ndani yake karibu siku zote kuna hamu ya kumlipizia mtu. Mimi sikubaliani naye kwa mengi, naona ni rahisi kuidharau hasira ukiwa umekaa pazuri, ila nikiiangalia namba 61 namuelewa kidogo. Sasa yapange yale mambo. Yatakuja kuwa manne au matano yanayojirudia, nakuhakikishia. Chagua moja. Kisha umwambie siku ambayo hamna ugomvi: "Kuanzia mwezi huu mambo yote ya shule ni yako. Ada, vikao, sare, viatu, madaftari, meseji za walimu. Sitakukumbusha." Na la kliniki ya mama yake mrudishie palepale, hilo halihitaji hata kikao.

Umeona hapo hamna neno kusaidia. Kusaidia maana yake mwenye kazi ni wewe, yeye ni kibarua wa siku moja. Mpe kazi na kichwa chake, kukumbuka kukiwemo ndani. Halafu, na hapa ndo watu wanashindwa, atasahau, mtoto ataenda na sare ambayo haijafuliwa, na wewe utakaa kimya usiokoe jahazi, na dada naye asiokoe, mwambie kabisa. Lerner anasema ukibadilika wa karibu nawe watakuvuta urudi ulivyokuwa, watanuna, watakutania zaidi, watasema nilioa mtu mpole. Hilo halimaanishi umekosea. Unakaa palepale bila kupiga kelele. Wanafalsafa wanalo hilo pia, Marilyn Frye aliandika mwaka 1983 kwamba hasira inahitaji mtu wa kuipokea, asipoipokea anayekasirika anaonekana kichaa tu, na kwamba mwanamke hasira yake inapokelewa kwa urahisi akiwatetea watoto au wengine, akijitetea mwenyewe inaonekana amezidi. Jaribu utaona, ukifoka kwa ajili ya ada ya mtoto anakuelewa, ukifoka kwa ajili ya usingizi wako unaambiwa ni vitabu. Kwahiyo ombi lako la pili liwe la kwako, si la watoto. Usingizi. Au ile siku ya grupu, kwamba unatoka na hutaki kupigiwa simu uulizwe panadol iko wapi.

Na kama unataka mfano wa hasira iliyopangwa, wanawake wa Iceland. Tarehe 24 Oktoba 1975 kiasi cha asilimia 90 ya wanawake wa nchi ile waliacha kazi siku moja, za ofisini na za nyumbani, wanaume wakawa wanaenda kazini na watoto. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usawa, na mwaka 1980 wakamchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais. Ninachokipenda mimi ni ujanja wa jina, neno mgomo lilikuwa linawaogopesha baadhi yao, wakaiita siku ya mapumziko, ikabebeka kwa wengi. Na wewe unaweza kuchukua yako, Jumapili moja uondoke asubuhi urudi usiku. Ila iwe Jumapili ambayo dada naye amepumzika, ukigoma huku yeye yupo utakuwa umegoma juu ya mgongo wake.

Hao wa grupu wanaokuambia uondoke, wapende, ila hawalali kwako. Ndoa haiachwi kwa sababu kitabu cha mwezi kimeisha. Ungeniambia ananyanyua mkono ningekujibu mistari miwili tu, utoke leo na watoto, uende kwa watu unaowaamini, mengine tutaongea ukiwa salama. Hujaniambia hivyo, umeniambia ana ulegevu na utani mbaya, na hujawahi kumwomba kitu kwa sentensi iliyonyooka. Ukishamwomba, na ukakaa hapo miezi kadhaa, na bado akaendelea kucheka, hapo utakuwa unajua kitu ambacho leo hujui, na barua yako itakayofuata nitaijibu tofauti.

Kijana wako mjibu ukweli. Ukiwa umekasirika mwambie nimekasirika, si kwa sababu yako, ni mambo ya kazini, nipe dakika kumi. Tayari anakusoma usoni kama wewe ulivyokuwa unasoma sufuria, sasa angalau yeye mpe maneno. Na dada yake awepo anasikia.

Skrinishoti acha. Niandikie baada ya miezi miwili uniambie bwana amesahau nini cha shule, nina hamu kweli ya kujua, na kama dada amepata kitasa. Beauvoir msihangaike, mimi juzuu ya pili ilinichukua mwaka na nusu na kuna kurasa niliruka.

Shangazi yako